Niliombwa kusoma wasifu wa marehemu Ilula, nikasoma na vyanzo

Wakuu, shikamooni mnaostahili shikamoo, wengine mambo vipi.

Humu ndani nimekuwa msomaji wa kimya kwa muda mrefu. Leo naleta la kwangu. Majina nimebadilisha, mengine yote ni kweli tupu, na mashahidi wapo wa kutosha kwa sababu lilitokea hadharani, watu wamejaa kwenye maturubai. Baadhi ya mashahidi hao hawapokei simu zangu mpaka leo.

Kwanza mnijue. Mimi ni mwanahistoria. Ndiyo kazi inayonilisha, nafundisha historia kwenye chuo kimoja pale Iringa. Kwetu ni Mbeya, upande wa Rungwe, ila nimeoa Uheheni na nimeshazoea baridi ya huku, ambayo haina tofauti kubwa na ya kwetu.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika comment. Mkuu, mali za Mjerumani sijui zilipozikwa. Sina ramani.

Hii fani haina makuu. Daktari akifika msibani anapewa kiti, halafu watu wanajipanga kumuuliza habari za presha. Mwanasheria anavutwa pembeni kuulizwa kiwanja. Mwanahistoria anaulizwa mambo mawili tu, mali za Mjerumani na "sisi asili yetu wapi". Hilo la pili ukilijibu kwa ukweli unapoteza rafiki, kwa hiyo mimi huwa nasema bado tunafanya utafiti.

Makala zangu za kitaaluma zimesomwa na watu wachache sana, na mmoja wao ni mke wangu, ambaye alikuwa anatafuta kama nimemtaja kwenye shukrani.

Sasa twende kwenye tukio.

Alifariki baba mkubwa wa mke wangu, Mzee Obedi, pale Ilula. Mnaopita barabara ile mnapajua, ukisimama tu umezungukwa na ndoo za nyanya. Mzee alikuwa mlimaji wa nyanya na mzee wa kanisa, mtu mpole, mwenye maneno machache. Mimi alinipokea vizuri tangu siku ya posa, wakati wengine walikuwa bado wananikagua kama ng'ombe wa mnadani.

Kamati ya mazishi ikakaa. Mwenyekiti akawa Baba mdogo Enoki, mdogo wake marehemu. Wakaanza kugawa majukumu kulingana na fani. Shemeji yangu mmoja ni injinia wa barabara, akapewa kusimamia kaburi. Mwingine ana duka la vyakula, akapewa jiko. Baba mdogo akanitazama, akafikiri kidogo.

"Mkwe, wewe si ndiyo mtu wa historia? Basi shika wasifu."

Ambao hamjawahi kushika wasifu wa marehemu, ni ile karatasi inayosomwa kabla ya kuzika. Alizaliwa, alisoma, alioa, aliugua, alifariki, ameacha mjane na watoto kadhaa na wajukuu kadhaa, Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Mtu wa kawaida anakaa na ndugu wawili, anaandika ukurasa mmoja, anamaliza kabla chai haijapoa.

Mimi nikaanza kufanya mahojiano.

Hilo ndilo kosa, wakuu, na nadhani ni sisi wa fani hii tu tunaoweza kulifanya. Mtu ananiomba karatasi ya dakika tano, mimi natafuta mashahidi.

Nikaanza na Baba mdogo Enoki mwenyewe. Kuzaliwa, hakuna shida. Shule, hakuna shida. Nikamuuliza baada ya shule ikawaje.

"Akaenda Mgololo, kiwanda cha karatasi. Alifanya kazi huko mpaka alipostaafu akarudi hapa kulima."

"Alipotoka shule alikwenda moja kwa moja?"

"Moja kwa moja."

Sasa mimi naufahamu umri wa mzee, na habari za Mgololo nazifahamu. Wakati Mzee Obedi anamaliza shule, Mgololo hakukuwa na kiwanda wala tofali la kiwanda. Kilikuja kujengwa yeye akiwa mtu mzima mwenye ndevu. Nikamweleza baba mdogo kwa heshima zote kwamba wakati huo kiwanda kilikuwa hakijajengwa.

Akajikuna kidevu.

"Basi alikuwa anakisubiri."

"Anakisubiria wapi, baba mdogo?"

"Mkwe, alikuwa anatafuta maisha. Andika hivyo. Alitafuta maisha."

Naomba nitoke nje ya mada kidogo. Hiyo sentensi ya "alitafuta maisha" imo karibu katika kila wasifu nchi hii. Mtu anazaliwa, anasoma, halafu anatafuta maisha kwa muda usiojulikana, mahali pasipojulikana, na watu wasiojulikana, kisha anaibuka amevaa suti siku ya ndoa. Mimi nikiiona hiyo sentensi mikono inaniwasha. Haya, turudi.

Nikaenda kwa mjane, Mama mkubwa Yusta, alikuwa amekaa kwenye mkeka sebuleni na wakina mama wenzake. Nilitaka kumuuliza habari za ndoa tu. Akanijibu vizuri, halafu mwenyewe akaanza kuzungumzia kikombe.

Hili la kikombe familia nzima wanalijua. Mzee Obedi ukimpa chai, kabla ya kunywa anakizungusha kikombe taratibu, mkono mmoja, kama anachezesha kitu ndani. Kisha anamwaga kidogo ile ya juu chini kwenye udongo. Kisha anainama anatazama ndani. Ndipo anakunywa. Kila kikombe, kila siku.

"Nilimuuliza tangu naolewa," Mama mkubwa akasema. "Anacheka tu. Anasema ni tabia. Sasa amekwenda nayo."

Hakulia aliposema hivyo. Tangu msiba uanze alikuwa hajalia, na wakina mama walianza kuwa na wasiwasi naye.

Kuhusu kikombe nilikuta nadharia mbili pale msibani. Watoto wakubwa wanasema alikuwa anatoa majani ya chai. Mmoja wa wajukuu anasema babu alikuwa anaogopa kulogwa. Niliziandika zote mbili bila kuegemea upande.

Kesho yake, siku moja kabla ya mazishi, mke wangu akaja kuniambia, "Kule jikoni kuna mama anamenya vitunguu, anaongea kama nyinyi."

Nyinyi maana yake Wanyakyusa. Nikaenda kumsalimia mtu wa nyumbani.

Nikamkuta mama wa makamo, mkubwa kwangu, amejifunga khanga, ana beseni la vitunguu mbele yake. Nikamsalimu Kinyakyusa, "Mugonile," akainua uso akafurahi. Nikamuuliza ametokea wapi. Akasema Chunya. Nikasema huko mbali, marehemu mlifahamianaje?

"Ni baba yangu," akasema. Akaendelea kumenya.

Nilivuta ndoo nikakaa.

Anaitwa Sekela. Mzee Obedi akiwa kijana alikwenda Chunya kuchimba dhahabu, akaishi na mama yake Sekela, ambaye alitoka kwetu Rungwe kwenda kupika chakula cha wachimbaji. Waliishi miaka mingi. Mama yake alifariki Sekela akiwa binti mdogo, akalelewa na mama yake mdogo, na baba akarudi Iringa, akapata kazi Mgololo, akaoa. Lakini hakumtupa. Alimsomesha, na zilipokuja simu alikuwa anampigia kila Jumapili baada ya ibada. Jumapili zikapita mbili kimya, kumbe mzee anaumwa. Sekela akapiga mwenyewe, ikapokelewa na sauti asiyoijua, ikamwambia mwenye simu amefariki.

"Nimekuja mwenyewe," akasema. "Sikutaka mtu aone nimekuja kugombania shamba la nyanya. Nyanya mimi hata sizipendi. Ila kaka yangu, kesho wataita watoto wa marehemu waweke mashada. Nataka na mimi niwemo. Nisitupe udongo kama jirani."

Mimi ni mtu wa ushahidi, wakuu. Nilimwonea huruma sana, lakini chanzo kimoja ni tetesi. Nikamuuliza kama kuna mtu mwingine anayejua. Akampigia mzee mmoja wa Chunya, akaweka simu sauti kubwa. Mzee akasema, "Obedi Mhehe? Aliyekuwa anaimba nyimbo za kanisa shimoni mpaka tunamwomba anyamaze? Tumechimba wote. Sekela si ndiyo mtoto wake, tumemwona anazaliwa!"

Mtaalamu mwenzangu angesema vyanzo hivyo havijitegemei kwa kuwa namba nimepewa na mhusika mwenyewe. Mtaalamu huyo hakuwepo msibani.

Halafu wakaleta chai jikoni. Sekela akapokea kikombe chake. Akakizungusha taratibu, akamwaga ya juu kidogo, akainama akatazama ndani.

Nikaweka kikombe changu chini. Nikamuuliza, dada, hicho unachofanya ni nini?

Akacheka. "Ah, hii ni ya baba. Si ndiyo wanavyoosha dhahabu kwenye karai? Unazungusha, maji na mchanga vinatoka, dhahabu nzito inabaki chini. Alizoea mpaka kwenye chai. Mimi nilidhani watu wote wanakunywa hivyo, mpaka nilipokwenda shule."

Mpaka hapo nilikuwa na chanzo cha tatu.

Alasiri ile nikaipeleka hoja kwenye kamati. Nilieleza kwa utaratibu, mwanzo hadi mwisho, na vielelezo. Injinia alikuwa anatazama viatu vyake.

Baba mdogo Enoki akakohoa.

"Mkwe, tulikuomba wasifu. Hatukukuomba utafiti."

Nikasema baba mdogo, lakini ni kweli. Akasema hajasema ni uongo. Akasema kaka yake alimwambia mwenyewe zamani na akamwapisha asiseme kwa mkewe. Akasema Yusta ana presha, hajalia mpaka leo, akisikia haya mambo mbele ya kaburi tutazika wawili. "Watoto ni saba. Andika saba. Na hiyo ya Chunya andika alitafuta maisha huko mkoa wa Mbeya, inatosha. Nitausoma mwenyewe kabla ya kesho."

Kusema haki, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anatunza kiapo cha marehemu na afya ya shemeji yake. Mimi nilikuwa natunza nini? Nilijiuliza hivyo kweli.

Mke wangu naye akanivuta pembeni. "Wewe hapa ni mkwe. Mkwe hana historia, ana heshima. Ukiharibu, mimi ndiyo nitakaa na hawa watu maisha yangu yote."

Nikaenda kumwambia Sekela. Nilizunguka sana maneno, nikazungumzia presha, nikazungumzia kiapo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa, kaka. Umejitahidi. Ndaga." Ndiyo ahsante ya kwetu.

Akarudi kwenye vitunguu.

Wakuu, iliniuma. Angenitukana ingekuwa nafuu. Nimewaambia wanafunzi darasani, mwaka baada ya mwaka, kwamba kazi ya mwanahistoria ni kuwasemea waliofutwa. Nimewaonya na kuwakata maksi. Sasa aliyefutwa amekaa mbele yangu na beseni, na mimi ndiye mwenye kifutio.

Nikaandika wasifu. Watoto saba, kama nilivyoagizwa. Alitafuta maisha mkoani Mbeya, kama nilivyoagizwa. Mwishoni kabisa, nyuma ya karatasi, nikaweka kichwa kidogo: Vyanzo vya wasifu huu. Ndiyo utaratibu wa kazi yetu, ukichukua neno la mtu unasema umelitoa kwa nani.

Baba mdogo akausoma mstari kwa mstari, kidole kinatembea. Akafurahi. Akageuza karatasi, akaona kile kichwa, akaniuliza ni nini hiki. Nikamwambia ni vyanzo. Akasema, "Mambo yenu ya chuo," akanirudishia.

Watu hawasomi vyanzo. Nimelijua hilo miaka yote ya kazi yangu na limenisikitisha miaka yote. Siku hiyo nililitegemea.

Siku ya mazishi watu walijaa. Kwaya ikaimba. MC akanikaribisha, akanikumbusha dakika tano. Nikasimama nikawasalimu, "Kamwene," wakaitikia. Nikasoma. Wakuu, hakuna makala yangu iliyowahi kusikilizwa na watu wengi namna ile. Nilipofika kwenye watoto saba niliona jikoni wakina mama wametoka kusikiliza, na Sekela amesimama nyuma yao, anafuta mikono kwenye khanga.

Nikamaliza Bwana ametoa na Bwana ametwaa. MC akanyoosha mkono kuchukua kipaza sauti. Nikageuza karatasi.

Nikasoma hivi, neno kwa neno:

"Vyanzo vya wasifu huu. Habari za utoto na shule zimetolewa na mdogo wake marehemu, Mzee Enoki. Habari za ndoa na maisha ya hapa Ilula zimetolewa na mjane, Mama Yusta. Habari za miaka ya Chunya, pamoja na sababu ya marehemu kuzungusha kikombe, zimetolewa na Sekela Obedi, binti yake, ambaye yuko pale jikoni. Ahsanteni."

Nikakaa.

MC alishika kipaza sauti bila kusema neno, na kulipwa ameshalipwa. Mke wangu alifunika uso kwa mtandio. Baba mdogo Enoki alinitazama kwa namna ambayo sitaki kuieleza. Mchungaji akafungua kitabu cha ibada, akakifunga.

Nilimtazama tu Mama mkubwa Yusta, pale mbele kwenye mkeka wake. Nilikuwa naogopa, nisiwadanganye. Nilikuwa najiambia, mama huyu akianguka, umemuua kwa sababu ya footnote.

Mama mkubwa akainua kichwa.

"Kikombe?" akasema. "Nani anajua habari ya kikombe?"

Akaninyooshea kidole.

"Amesema yuko jikoni. Mleteni."

Wakamleta. Sekela alikuja kama mtu anayepelekwa baraza la wazee, mikono bado inanuka vitunguu, akapiga magoti mbele ya mkeka. Watu wote shingo ndefu. Mama mkubwa akamtazama usoni muda mrefu, masikio, paji la uso. Hakumuuliza mama yake nani wala amezaliwa lini.

"Kile kikombe. Alikuwa anatafuta nini?"

"Dhahabu, mama. Ndivyo wanavyoiosha Chunya. Mkono ulizoea."

"Kwenye chai yangu?"

"Ndiyo, mama."

Mama mkubwa akaanza kutikisika mabega, tukadhani ndiyo presha, watu wakanyanyuka. Kumbe anacheka. "Miaka yote hiyo," akasema, "miaka yote, mimi nadhani chai yangu ni mbaya!"

Ndani ya kicheko hichohicho kilio kikaingia. Akalia kwa sauti, kilio cha siku zote zile, akamshika Sekela shingoni, wakalia wote. Watoto wale saba nao wakaanza. Mimi pia nililia, na sijali.

MC alipoita watoto wa marehemu waje na mashada, Sekela akabaki amepiga magoti. Mama mkubwa akamsukuma begani. "Umeitwa."

Akaenda. Walikuwa wanane.

Yaliyofuata kwa ufupi. Shamba la nyanya halijagombaniwa na mtu. Sekela hupiga simu kila Jumapili baada ya ibada, sasa anampigia Mama mkubwa. Mimi nilimpa lifti mpaka Mbeya, njia nzima alilala usingizi.

Baba mdogo Enoki hapokei simu zangu. Ana haki yake, aliniamini, nami nikapita nyuma ya karatasi. Mke wangu alirudi kuongea na mimi baada ya muda, sentensi yake ya kwanza ilikuwa, "Ungeniambia basi, nikae karibu na mama."

Kwenye misiba ya ukoo sasa nikitokea tu, kamati wananipa kazi ya kupanga viti.

Funzo nililopata ni dogo. Nilidhani ukweli ndio ungemwumiza yule mama, na kila aliyempenda alidhani hivyo. Kumbe alichokuwa anakibeba ni swali, na hakuna aliyemuuliza ni swali gani.

Haya, uwanja ni wenu wakuu. Mnaoona nilikosea semeni, nimezoea kusahihishwa na watu wakali kuliko nyinyi. Mnaokuja PM kuhusu Mjerumani nimeshawajibu hapo juu.

Ila nami naomba mnijibu moja. Ule wasifu mliousoma nyumbani kwenu, ile miaka ambayo mzee "alitafuta maisha", mlimuuliza nani?